Dedilaini: kwani nani alikufa?

SWALI: Shikamoo anko. Mi kijana wako wa Tabata, nafanya kazi kwenye ofisi moja hapa mjini tunachora mabango na vitu vya matangazo. Sasa bosi wetu kila ukigeuka ni dedilaini, mara dedilaini ya mteja leo jioni, mara dedilaini imetupita. Juzi tuko kwa mama ntilie nikawauliza wenzangu hivi hiyo ded ya humo ndani si ndo kufa, mmoja akasema ni laini iliyokufa kama laini ya simu ikifungiwa, mwingine akasema ni mstari wa maiti, tukacheka mpaka chai ikapoa ila jibu hatukupata. Nisaidie anko, kwani nani alikufa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza kama utani ila jibu lake halina utani, walikufa watu karibu elfu 13, tena ndani ya miezi kumi na minne tu.

Ila kwanza huyo mwenzenu wa laini ya simu msimcheke sana. Si mnakumbuka mwisho wa mwaka 2019, ule usajili wa alama za vidole, tukaambiwa mwisho tarehe 31 Desemba, ambaye hajasajili laini yake inazimwa? Mi nilipanga foleni siku mbili, nafika dirishani yule binti ananiambia baba weka kidole, naweka, mashine inakataa, kifute baba, nafuta, inakataa, cha shahada wapi, cha kati wapi, gumba ndo kabisa. Miaka yote ile ya kushika herufi za risasi na kunawa kwa mafuta ya taa pale kiwanda cha uchapaji imenifuta alama, vidole ndo vimekuwa laini vyenyewe. Bahati nzuri Rais Magufuli akaongeza siku 20, ikawa mpaka tarehe 20 Januari 2020, nikaja kuokolewa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kwa hiyo dedilaini ya laini ilikuwepo, na laini za watu zilikufa kweli. Ila neno halikutoka huko.

Aliyekaribia ni yule wa mstari wa maiti. Ni neno la jeshini, limezaliwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 mpaka 1865, Kaskazini na Kusini wanapigana na kiini cha ugomvi ni utumwa. Mwanzoni wakikamatana walikuwa wanabadilishana mateka, nipe wangu nikupe wako, sasa mwaka 1863 ule mpango ukavunjika, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba Kusini waligoma kumhesabu askari mweusi wa Kaskazini kama mateka wa vita, wao walimwona ni mtumwa tu aliyetoroka. Mateka wakaanza kurundikana pande zote mbili. Februari 1864 Kusini wakafungua kambi mahali panaitwa Andersonville, jimbo la Georgia.

Nataka uione hiyo kambi. Magogo ya msonobari yamesimikwa wima yamebanana kuzunguka uwanja wa ekari 16 na nusu, baadaye wakaongeza zikafika 26 na nusu. Ndani hamna nyumba, hamna paa, mtu anatafuta vijiti viwili na blanketi lake anajibanza chini, asiye na blanketi anachimba shimo. Kijito kimoja kinakatiza katikati, cha kunywa hicho, cha kuoga hicho, cha choo hichohicho. Agosti 1864 humo ndani mlikuwa na watu zaidi ya elfu 32. Chukua nusu ya Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga umejaa, washushe wote chini kwenye udongo, halafu waambie hamna kwenda nyumbani.

Sasa mstari ndo huu. Kutoka kwenye ukuta wa magogo unahesabu futi 19 au 20 kuja ndani, mita sita hivi, hapo wamechomeka vigingi na juu yake wamepigilia fito za mbao, kizuizi ambacho mtoto wa darasa la pili anakivuka bila kukunja suruali. Huo ndo waliuita dead line. Juu ya ukuta kuna vibanda vya walinzi vimeinuliwa, kama lile dungu la kuamia ndege kwenye mpunga, na mlinzi ana amri moja tu, mateka akivuka ule mstari, au hata akiugusa, apigwe risasi, haulizwi wala haonywi. Hiyo nafasi kati ya fito na ukuta ilikuwa wazi, na wenzake nyuma yake wamelaliana.

Walioathirika zaidi walikuwa ni wenye kiu. Si nimekwambia kijito kimoja, sasa maji yanapoingilia ukutani ndo yalikuwa na unafuu, hayajachafuliwa na watu wote wale, na pale yanapoingilia ndo mstari unapita juu yake, kwa hiyo mtu anainama na kikopo chake anaunyoosha mkono kidogo mbele ya fito atafute maji ya afadhali.

Na kingine ambacho mi kilinikaa kichwani ni kwamba zile fito hazikuwa imara, nyingine zilianguka, nyingine watu wenye baridi walizifanya kuni. Vita ilipoisha mkuu wa ile gereza, Kapteni Henry Wirz, mzaliwa wa Uswisi, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi Washington, na kwenye hati ya mashtaka wakaandika kabisa kwamba huo mstari sehemu nyingi ulikuwa wa kufikirika tu. Yaani umeletwa leo, hujui unapopita, hamna kitu kinachoonekana, unapiga hatua na umeshavuka. Wirz alinyongwa tarehe 10 Novemba 1865.

Ila wengi katika wale elfu 13 hawakuuawa na mstari, waliuawa na kuhara damu, kiseyeye na njaa. Hilo lazima niliseme, maana watu wakisikia hii habari wanadhani wote walipigwa risasi kwenye fito.

Ile kesi ya Wirz ndo ililitoa neno kambini, magazeti yaliandika kila siku, Wamarekani wakalidaka, likaanza kutumika kwa mpaka wowote ule ambao ukiuvuka umejitakia. Mwaka 1880 ofisa mmoja wa polisi wa New York, Thomas Byrnes, akaweka dead line yake pale mtaa wa Fulton, kwamba mwizi anayejulikana akionekana kusini ya mtaa huo, kuelekea mabenki ya Wall Street, anakamatwa hata kama mifuko yake iko mitupu. Unaona hapo bado ni mstari wa ardhini, wa miguu. Kuja kuwa mstari wa saa ni mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye vyumba vya habari vya Marekani, habari ikichelewa kupita saa fulani basi, haiingii. Kutoka magazetini likasambaa maofisini mpaka likamfikia bosi wako.

Kuna watu watanipinga, wataniandikia anko hilo neno ni la wachapaji. Hawajakosea sana, kwenye mashine za zamani za kuchapa kulikuwa na mstari unaitwa hivyohivyo, kwenye ile meza ya chuma ambayo herufi zinalazwa, herufi ikilala nje ya huo mstari haichapi. Na wavuvi wa Kiingereza nao walikuwa nalo hata kabla ya vita, mshipi uliotulia majini na chubwi lake haukimbii kokote, ila hilo lilikufa peke yake bila kuzaa. Maana ya kwamba usipite la sivyo, hiyo ilianzia kambini.

Huo mstari wa wachapaji mi naujua kwa aibu. Nilikuwa bado mgeni wa kazi kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, ninapanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, kichwa chini miguu juu, likaja tangazo la tanzia la mzee fulani. Nikapanga vizuri kabisa, picha juu, jina, watoto, wajukuu, vilembwe, na nafasi ikawa inaniishia nikasukuma mstari wa mwisho chini kidogo, nikasema utaenea tu. Haukuenea. Karatasi zimetoka mia kadhaa, tanzia iko safi, inaishia na maneno mazishi yatafanyika kesho, basi, saa na makaburi viko nje ya mstari. Kesho yake watu wengine wako Kinondoni, wengine wamekwenda Kisutu, na mtoto wa marehemu amekuja kiwandani ameshika lile karatasi hasemi kitu, ananionyesha tu kwa kidole pale chini peupe. Mpaka leo nikisikia dedilaini huyo ndo namuona.

Na Kiswahili nacho kina vituko vyake, ile metali ya kumiminia herufi tunaiita risasi, na kinachotoka kwenye bunduki tunaita risasi. Mstari wa kambini ukiuvuka unapata risasi, wa kiwandani ukiuvuka risasi yako haisomeki.

SWALI: Anko habari za kazi, mi mwalimu wa sekondari Temeke. Kwa nini tunasema dedilaini wakati Kiswahili tunacho? Wanafunzi wangu nikiwaambia tarehe ya mwisho wananiangalia kama nimetoka bara la barafu, ila nikisema dedilaini wote wanatoa madaftari.

JIBU: Salama mwalimu. Maneno yapo, tarehe ya mwisho, muda wa mwisho, ukomo. Jirani zetu Wakenya kwenye taarifa ya habari wanasema makataa, serikali imetoa makataa ya siku 14, neno zuri sana lile maana limetoka kwenye kukata, unalisikia linavyokata, ila kwa hapa Dar ukimwambia fundi cherehani wako nakupa makataa ya Ijumaa atadhani unampeleka mahakamani. Mi ningekushauri tumia tarehe ya mwisho na usiwaonee aibu. Wanatoa madaftari kwa dedilaini kwa sababu tarehe ya mwisho tumeizoea inasogezwa, siyo kosa la lugha hilo.

SWALI: Mambo anko, mi mpiga picha za harusi, kwenye kadi yangu nimeandika frilansa. Na hilo nalo la jeshi?

JIBU: Poa. La jeshi, ila la kubuniwa. Lansi ni ule mkuki mrefu wa askari wa farasi wa Ulaya ya zamani, na frilansa ni mwenye mkuki ambaye hana bwana, anayelipa ndo anapiganiwa. Walter Scott ndo alilitia kwenye riwaya yake ya Ivanhoe, iliyotoka Desemba 1819, akiwasimulia watu wa mamia ya miaka nyuma yake. Kwa hiyo kwenye kadi yako umeandika askari wa kukodiwa, na kwa jinsi ninavyowajua wapiga picha wa harusi mkishalipwa advansi mnavyopotea, sioni kosa.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni binti, naishi Mbagala ila kwetu Utete, Rufiji. Bibi yangu mzaa mama husema babu yake alichukuliwa kariakoo na hakurudi. Nilikuwa najua anasema sokoni, nikawa najiuliza mtu anapoteaje sokoni miaka yote hiyo. Juzi mwalimu mmoja akaniambia Kariakoo ni neno la Kiingereza la jeshi. Ni kweli? Na kama ni kweli kuna mahali wameandikwa majina?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hili swali lako nimelisoma mara tatu, na ndo limenifanya nikae na lile la dedilaini muda mrefu, maana ni habari mbili zinazotazamana.

Bibi yako hasemi sokoni. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, vita ya kwanza ya dunia. Hiyo corps Waingereza wenyewe wameichukua kwa Wafaransa na wanaitamka ko, herufi za nyuma hazisomwi, na waliochukuliwa hawakuiona kwenye karatasi, waliisikia tu kwa sikio, karia ko, ikawa kariakoo. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, Wajerumani wakiwa wameshaondoka, wakalikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walilijenga, wakaligeuza kambi ya hao wapagazi. Vita ikaisha, kambi ikaondoka, jengo likawa soko, na jina la wapagazi likabaki. Hili soko kubwa la ghorofa tunalolijua sa hivi lilichorwa na mzalendo, Beda Amuli, likafunguliwa 1975, likaungua Julai 2021, na bado ni Kariakoo. Hata Nairobi wana mtaa wao, wao wanaita Kariokor.

Kwa nini wapagazi? Kwa sababu ya ndorobo. Punda, farasi, ng'ombe wa kukokota, wote wanakufa wakishapita kwenye mapori ya kusini, na magari kule Rufiji masika unakujua kwenu mwenyewe, basi ikabaki kichwa cha mtu. Mzigo kama kilo 25, risasi, unga, vifaa vya hospitali, na njiani mwenyewe anakula unga mbichi nusu umeiva, tumbo linaharibika, analala kwenye maji. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuanzia elfu 95, na wengi ni magonjwa, kama kule Andersonville. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao na hesabu yao ni mbovu zaidi. Kamanda wao, Von Lettow-Vorbeck, alikuja kusalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, pale panapoitwa Mbala leo, Zambia, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kunyamaza, na hizo wiki mbili kuna mtu alikuwa bado amebeba.

Sasa majina. Kule Marekani kulikuwa na mateka mmoja kijana, Dorence Atwater, alipewa kazi ya ukarani wa kuandika wanaokufa, naye akawa ananakili orodha ya pili kwa siri anaificha. Vita ilipoisha akarudi Andersonville mwaka 1865 na Clara Barton, yule mama aliyekuja kuanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani, wakapitia makaburi safu kwa safu wakitia majina. Katika karibu elfu 13 waliobaki bila kujulikana hawafiki 500. Orodha moja ya karani.

Hapa kwetu pale Samora, barabara ya zamani ya Acacia, kuna yule askari wa shaba aliyesimamishwa 1927, anaelekeza singe bandarini, we si unapita hapo? Chini ya miguu yake kumeandikwa kwa Kiswahili cha herufi zetu, cha herufi za Kiarabu, na kwa Kiingereza, na wapagazi wametajwa, wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Wametajwa kwa jumla hivyohivyo. Jina hata moja hamna. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayoshughulika na makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba kuna watu wasiopungua elfu 116, na pengine wanafika 350,000, ambao hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri, wakaomba radhi. Kwa hiyo mjukuu wangu sitakudanganya, nafasi ya kumkuta babu wa bibi yako kwenye jiwe ni ndogo sana.

Umeandika kwamba bibi anasema babu yake, lakini jina hukuniandikia, sijui kama umewahi kumuuliza. Muulize jina lake kamili na la baba yake, kijiji alichochukuliwa, na nani alibaki na watoto. Muulize asubuhi, wazee wanakumbuka vizuri kabla jua halijawa kali. Andika kwa kalamu kwenye daftari, simu zinapotea, halafu niletee nami nitalichapa hapahapa kwenye ukurasa huu, na safari hii mstari wa mwisho nitauangalia mwenyewe.